Nyiragongo kwa Mwendo wa Wazee

Goma huamka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Rutshuru imekwisha kujaa pikipiki, akina mama wenye mabeseni ya maandazi, na vijana wanaoteremka na chukudu zilizosheheni viazi na magunia ya makala, maana ndivyo makaa yanavyoitwa hapa. Niliiinamia chukudu moja niitazame vizuri. Ni mbao tupu, haina pedali wala kiti. Magurudumu ya mti yamevishwa mpira wa tairi, kipande cha kandambili kimepigiliwa pale dereva anapoweka goti, na breki yake ni ukanda wa mpira unaokanyagwa hadi ubane gurudumu la nyuma. Mwenyewe alikuwa na haraka ya soko, lakini alisema, "Jambo, Papa," akasubiri nimalize kutazama.

Ulikuwa mwaka 2019, Hifadhi ya Virunga ikiwa imewafungulia tena wageni baada ya kufungwa kwa miezi kadhaa. Umri wangu ulikuwa umevuka sitini, na nilikuwa nimedhamiria kupanda Nyiragongo, mlima wa volkeno, kabla miguu haijaamua vinginevyo.

Mlima wenyewe unauona tangu mjini, mawingu yakipenda. Na hata yasipopenda, uko chini ya viatu vyako. Goma ni mji mweusi: kuta, misingi ya nyumba, nyua na hata vumbi, vyote ni mawe ya volkeno. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ukaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Wengi walirudi baada ya siku chache tu, mawe yakiwa bado na joto, wakaanza kuyavunja na kujengea. Nimeishi miji mingi, lakini sijaona kwingine watu waliochukua kitu kilichobomoa nyumba zao wakakifanya ukuta wa nyumba mpya.

Safari ya miguu ilianzia Kibati, kituo cha askari wa hifadhi kilicho kaskazini mwa mji. Kutoka hapo hadi ukingoni ni kama kilomita nane tu, lakini unapanda karibu mita 1,500, mpaka kimo cha mita 3,470. Wapagazi waligawana mizigo yetu, nikakodi fimbo. Askari wenye bunduki walitangulia, wengine wakafunga msafara. Niliwatazama kwa heshima, kwani zaidi ya wenzao 200 wameuawa wakiilinda hifadhi hii iliyoanzishwa mwaka 1925.

Mwanzo ni msitu, udongo laini, ndege na tope. Kisha miti inaachana na unaingia kwenye mto wa mawe, ule uji wa 2002 ulivyoganda. Hapa ndipo umri unapodai haki yake. Kila jiwe lina vitundu vitundu na makali, linazunguka ukilikanyaga, na linalia kama vigae. Nilianza kuomba radhi kwa kuwachelewesha vijana. Mpagazi wangu akanikata kauli: "Papa, mulima haitakimbia." Tangu hapo yeye ndiye aliyepanga mwendo, mdogo mdogo, akigeuka kila kwenye jiwe baya kunipa mkono kabla sijauomba. Kwa kwenda hivyo niliona vingi: kuvu wa kijivu wanaoanza kulilainisha jiwe, jimbi dogo lililochomoza kwenye ufa, mvuke unaopumua kutoka ardhini karibu na Shaheru, ile kasoko ya zamani iliyoota miti. Mvua ilitunyeshea, jua likatukausha, mvua ikarudi. Tulipopumzika tulikula mkate na jibini ya Masisi, laini na yenye chumvi kidogo, na sidhani kama kuna chakula kinachoifaa njia hiyo zaidi ya jibini hiyo.

Sehemu ya mwisho ni mwinuko mtupu, lobelia warefu wakisimama kwenye ukungu. Upepo ulikuwa mkali, vibanda vyetu vidogo, choo kikiwa chini ya mteremko unaoteleza, na baridi iliingia hadi ndani ya soksi. Lakini ukungu ulipofunguka usiku, tulisogea ukingoni. Shimo lina upana wa zaidi ya kilomita moja, na chini kabisa lilikuwako ziwa la moto. Gamba jeusi lilipasuka kwa mistari myekundu, likazama, likajiunda tena. Harufu ya kiberiti ilikaba koo, na mngurumo wa ziwa lile ulifanana na mawimbi ya pwani. Wapagazi, ambao wameuona moto huo mara nyingi, nao walikaa wakatazama pamoja nasi.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka ubavuni, ziwa lile likamwagika, vijiji vya kaskazini mwa mji vikaungua na watu wakafa. Januari 2025 mji wenyewe uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kwa hiyo simwambii mtu afunge mizigo leo. Ila njia ile itakapofunguliwa, wazee wenzangu wasidhani imewekwa kwa ajili ya vijana peke yao.

Lakini turudi kwenye safari yangu: kushuka kuliyachosha magoti kuliko kupanda, na mpagazi wangu alitangulia mbele yangu njia nzima, bega lake likiwa tayari nililitegemee. Jioni, mjini, nilikaa kwa mama mmoja anayekaanga sambaza, wale dagaa wa Kivu, akiwatoa kwenye mafuta wakiwa wakavu wa kumeng'enyuka, pamoja na ndimu, pilipili na fufu. Alitazama viatu vyangu vilivyochanika.

"Muzee, ulifika juu kabisa?"

"Kabisa, Mama."

Akawaita majirani waje kunisalimia, akanijazia sahani upya, na nilipotoa pesa za sahani ya pili akazikataa.