Pishi ya Leo

Somo: Kutoka 16:11–21

Katika milima yetu ya Usambara chakula ni heshima. Wazee wa Vuga wanapoeleza jinsi utawala wa Wakilindi ulivyoanza, husimulia habari za Mbega, mwindaji mgeni aliyewaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamfanya mtawala wao. Kwa masimulizi hayo, ufalme wetu ulianza na mtu aliyegawa kitoweo. Mpaka leo ukiingia nyumba yoyote kuanzia Soni hadi Bumbuli, hutoki bila kuwekewa kitu mezani: makande, ndizi, viazi, au angalau chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Na mgeni akila kidogo huulizwa, "Mbona huli? Au chakula chetu hakikupendezi?"

Dada yangu mkubwa alirudi katika desturi hiyo njema mwanzoni mwa Kwaresma, akitokea Dar es Salaam, akiwa na tumbo lisiloweza kupokea zaidi ya kikombe kimoja cha chakula kwa wakati mmoja. Ameniruhusu nisimulie habari zake. Anasema wapo wengine katika sharika zetu wanaobeba mzigo kama wake kimya kimya.

Miaka kadhaa iliyopita dada alikuwa na kilo 126, kisukari na shinikizo la damu. Magoti yalimkataza kupanda ngazi za kanisa. Alikuwa amejaribu njia nyingi, na mwishowe madaktari walimfanyia upasuaji wa kupunguza uzito. Siku hizi huduma hizi zinapatikana hapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila inazitoa, pamoja na ile ya kuwekewa puto tumboni ambayo wengi mmeisikia redioni. Puto hukaa kwa miezi kadhaa kisha hutolewa. Upasuaji wa dada ni wa namna nyingine: sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa, na kinachobaki hufanana na ndizi nyembamba. Kilichoondolewa hakirudishwi.

Ndani ya mwaka mmoja na nusu alifika kilo 82. Sukari ikashuka, dawa zikapunguzwa, akarudi kwenye kwaya. Watu walimshangilia. Kisha shemeji yetu akafariki.

Matanga yalipokwisha na wageni kuondoka, nyumba ilibaki kimya. Dada hakuwa na hamu ya kupika chakula cha mtu mmoja. Akawa anakula kidogo kidogo kutwa nzima: kitumbua na chai asubuhi, biskuti mchana, soda jioni, uji wenye sukari usiku usingizi ulipogoma. Tumbo dogo halikumzuia, kwa maana vitu laini na vinywaji vitamu hupita upesi. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miaka miwili mizani ilisoma kilo 97, na muuguzi aliyempima sukari akamwambia imeanza kupanda tena.

Kilo hizo 15 zilimsumbua, lakini aibu ilimsumbua zaidi. Waliomshangilia walianza kumtazama kiunoni kabla ya kumtazama usoni. Muumini mwenzake mmoja alimwambia kwamba aliyemtegemea daktari badala ya Mungu asishangae yakimrudia. Aliacha kwaya. Baadaye akaacha na ibada. Siku aliyofika kwetu, tukiwa bado hatujateremsha mizigo yote, aliniambia, "Mdogo wangu, Mungu alinipa nafasi ya pili nami nimeila. Ya tatu sidhani kama ipo."

Alikuwa ameshapanga dawa yake. Angefunga Kwaresma nzima kwa maji na chai ya rangi, mwili uadhibiwe mpaka utii. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kuanza tuwapigie simu daktari wake na mtaalamu wa lishe. Tulipiga, nami nikasikiliza pamoja naye.

Walichosema kwanza kilinishangaza kwa upole wake. Walimwambia kwamba kurudi kwa sehemu ya uzito baada ya mwaka wa pili hutokea kwa wagonjwa wengi waliopasuliwa. Tumbo huweza kutanuka kiasi, njaa hurudi, na maisha nayo huleta misiba yake. Hawakumgombeza. Kisha wakamkataza mfungo ule, kwa sababu mtu mwenye tumbo kama lake huishiwa virutubisho upesi, wala hawezi kuvifidia kwa mlo mmoja mkubwa.

Walimrudisha kwenye mafunzo ya mwanzo kabisa. Ale milo mitatu midogo kwa saa zinazojulikana, asidonoedonoe katikati. Aanze na vyakula vya protini, kama yai, maharage, dagaa, kuku au mtindi, kisha mboga, na ugali au ndizi viwe mwisho, kama nafasi imebaki. Atafune sana, aache mara anapohisi kushiba. Asinywe maji pamoja na chakula, bali angoje kama nusu saa. Soda na chai yenye sukari aziage. Vidonge vya vitamini na madini, ambavyo alikuwa ameviacha, avirudie kila siku, maana vile ni vya maisha yote. Atembee. Apimwe damu. Akitapika mara kwa mara, asikae nyumbani akingoja kupona, aende hospitali. Na jambo la mwisho, atafute mtu wa kuzungumza naye kuhusu mume wake.

Mimi si tabibu, nami nawaandikia haya kama nilivyoyasikia. Kila mgonjwa na amsikilize daktari wake. Lakini yale maneno "rudi mwanzo" nilikuwa nimeyasikia kwingine.

Jioni ile katika sala ya nyumbani tulisoma habari za mana. Waisraeli waliambiwa waokote kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kila kichwa. Aliyeokota vingi hakuzidiwa, na aliyeokota vichache hakupungukiwa. Wengine hawakusikia, wakabakiza mpaka asubuhi, ikaingia mabuu na kunuka, na Musa akawakasirikia. Mistari hii nimeihubiri mara nyingi. Jioni ile jicho langu lilisimama kwenye mstari wa 21, unaosema kwamba waliendelea kuokota asubuhi baada ya asubuhi. Hakuna palipoandikwa kwamba wale ambao mana yao ilioza walinyimwa ya siku iliyofuata. Musa alikasirika, lakini kulipokucha mana ilikuwa imeshuka tena.

Dada alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Hata kwa wale ambao yao ilioza?"

Nikamjibu, "Hata kwao, dada."

Sisi Walutheri tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Martin Luther alipokuwa mtawa kule Erfurt alijinyima chakula na usingizi kupita kiasi, na baadaye alisimulia jinsi alivyoudhuru mwili wake bila kuipata amani aliyoitafuta. Amani ilikuja kwa neema. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile tunayowafundisha watoto wa kipaimara, alieleza kwamba ubatizo ni jambo la kila siku: utu wa kale huzamishwa kila siku, na mtu mpya huinuka kila siku. Mkristo hamalizi kurudi. Anarudi leo, na kesho ataamka arudi tena, na kila mara anarudi kwa Mungu yule yule aliyekwisha kumpokea.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba unene ni dhambi, wala kwamba mizani hupima utakatifu. Uzito una sababu nyingi: urithi wa familia, magonjwa, dawa, kazi za kukaa, na huzuni isiyopata pa kwenda. Ninachosema ni kwamba aibu humwambia mtu, "Umeharibu, basi achilia mbali." Neema humwambia, "Kumekucha. Pishi yako ya leo ipo." Mtu anayesikia sauti ya kwanza hula zaidi. Anayesikia ya pili anaweza kuinuka akachemsha yai.

Basi tukaanza. Dada alichagua kibakuli cha plastiki cha mjukuu wake kuwa pishi yake. Mke wangu alipokuwa akipika maharage alimtolea wifi yake kwanza, kabla ya kuungia nazi. Asubuhi tulitembea kutoka nyumbani kwetu hadi barabarani na kurudi, na anayeijua miteremko ya Vuga anajua kwamba kurudi ndiko kwenye kazi. Njiani ndiko aliponieleza habari za siku za mwisho za shemeji, ambazo hakuwa amemweleza mtu.

Majirani walikuja, kama ilivyo kawaida yetu, na sufuria zao. Mama mmoja mtu mzima alileta makande ya kuwatosha watu sita, akaketi kumwangalia mgeni akila. Dada alimwambia waziwazi, "Mama, tumbo langu limekatwa hospitalini. Nitakula vijiko vitatu, na nitavishukuru vyote vitatu." Yule mama alimtazama kwa muda mrefu, akacheka, akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo. Juma lililofuata alirudi akiwa amefunga mayai mawili kwenye pindo la khanga yake. Hakuleta sufuria.

Si siku zote zilikuwa njema. Katika juma la nne iliangukia siku ya kumbukumbu ya kifo cha shemeji. Usiku dada alikula vitumbua vilivyobaki jikoni, vyote, akatapika, akalia. Asubuhi nilimkuta ameshaketi karibu na jiko, kibakuli mkononi. Akasema, "Mchungaji, jana mana yangu ilioza. Nimeamka kuokota ya leo." Tangu siku ile nimeacha kuhofia habari za dada yangu, ingawa najua safari yake ni ndefu.

Alhamisi Kuu alirudi kanisani. Nilipokuwa nikigawa Chakula cha Bwana na kumfikia pale alipopiga magoti, niliona jambo ambalo liko mbele yangu kila mwezi. Katika meza ile kila mtu hupewa kipande kidogo kile kile. Tajiri hapewi kikubwa, mwenye njaa haongezwi, mgonjwa hapunguziwi. Wala hakuna anayeulizwa, "Mbona umekula kidogo?" Kidogo kile kinatosha, kwa sababu ya yule anayekitoa.

Natamani meza zetu nyingine zijifunze kutoka kwa meza ile. Luther alipoeleza maana ya mkate wa kila siku hakuishia kwenye chakula na kinywaji. Alihesabu na mambo mengine mengi, na mojawapo ni majirani wema. Basi jirani mwema ni sehemu ya riziki ya mtu. Ukimkaribisha aliyepasuliwa tumbo, au mwenye kisukari, mwekee chakula mbele yake na umwache apakue mwenyewe. Usimhesabie matonge. Akikonda, usimshangilie kana kwamba hapo awali hakuwa mtu. Akinenepa tena, usimpigie kelele mlangoni mwa kanisa. Usimwambie kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani. Misheni iliyotuletea Injili katika milima hii ilituletea na hospitali, na hatukuona kwamba hizo mbili zinagombana. Na Kwaresma inapofika, mwenye maradhi amwulize daktari kabla ya kufunga, nasi tusimhesabu kuwa Mkristo pungufu. Anaweza kufunga maneno makali, anaweza kufunga simu, na Bwana ataupokea mfungo wake.

Dada aliondoka baada ya Pasaka akiwa na kilo 93. Nne tu zilikuwa zimepungua, na sukari ilikuwa imeshuka kidogo. Amejiandikisha tena kliniki, amerudi kwenye kwaya, na kila asubuhi hunitumia ujumbe wa neno moja: "Nimeokota." Siku nyingine ujumbe hauji. Siku hizo namwombea, kisha nangoja kesho yake, na mpaka sasa kesho yake umekuja.

Mpendwa msomaji, huenda mzigo wako si wa chakula. Huenda ni pombe, au madeni, au sala uliyoiacha miaka mingi. Usingoje mpaka uwe na nguvu za mwaka mzima ndipo uanze. Nguvu za mwaka hazigawiwi kwa siku moja.

Tuombe: Baba, tupe kipimo chetu cha leo, na moyo wa kuridhika nacho. Waliochoka kuanza upya, uwaamshe asubuhi kwa upole, na utufanye sisi kuwa majirani wanaowangoja njiani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.