"Hamna kitu" yako haisikiki kwa kila mume



Sisi wake tukiulizwa "una nini?" tunajibu "hamna kitu", lakini sauti tunaivuta mpaka jirani anajua kuna kitu. Mume asipojua, tunasema hajali.

Wengine kweli hawajui. Iko hali inaitwa aleksithimia, jina alilolitoa daktari Peter Sifneos wa Boston, Marekani, miaka ya 1970. Mtu anahisi, lakini hajui anachohisi ni nini. Muulize kama ana huzuni, atakwambia kifua kinambana. Si wazimu, wala si jini, tusikimbilie kwa waganga.

Na masikio yake ni mazima. Maneno hushughulikiwa zaidi upande wa kushoto wa ubongo; mlio wa sauti, ile hasira au kilio kilichomo ndani yake, zaidi upande wa kulia. Tafiti za mawimbi ya ubongo zimeonesha kuwa wenye hali hii ubongo wao huweza kuuitikia mlio huo kidogo tu. Kwa hiyo "hamna kitu" yako inamfikia kama ilivyo: hamna kitu.

Mume kama huyu usimvalie kanga ya mafumbo. Mwambie, kwa adabu zako zilezile ulizofunzwa na somo: "Nimekasirika, hukunambia kama unasafiri."

Na kama mwenye hali hiyo ni wewe, mwari wetu, ukiulizwa kuhusu posa omba muda. Kimya chako watakihesabu ndiyo.