Kalabhavan: Nyumba Iliyowapa Vijana wa Kochi Jina

Kwa karne nyingi pepo za kusi zilipoanza kuvuma katika bahari yetu, majahazi yalitweka matanga na kuelekea kaskazini mashariki. Mwaka 1498 merikebu za Wareno, zikiwa na rubani waliyempata Malindi, zilishika njia hiyo na kuiona pwani ya Malabar kabla ya mwezi mmoja kutimia. Pwani hiyo leo ni sehemu ya jimbo la Kerala, kusini mwa India, na bandari yake kubwa ni Kochi.

Mtu wa Tanga au Lamu haoni ugeni mkubwa huko. Minazi ipo, mafenesi yapo, na katika migahawa ya wafanyakazi utaletewa muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki uliokolea pilipili. Wageni wengi hupelekwa moja kwa moja Fort Kochi kutazama nyavu kubwa za Kichina zinazoning'inia juu ya maji, kisha Mattancherry kwenye sinagogi lililojengwa mwaka 1568. Hayo yana uzuri wake, ila picha zake zimekwisha kuchapishwa kupita kiasi. Nakuomba, msomaji, uvuke maji kwa boti hadi Ernakulam, upande wa bara, kwani huko ndiko alikofanya kazi padri mmoja ambaye vitabu vya watalii havimtaji.

Jina lake Padri Abel. Alizaliwa mwaka 1920, akaingia katika shirika la Wakarmeli lililoanzishwa na wenyeji wa Kerala wenyewe mwaka 1831. Alipata kufanya kazi katika gazeti la Deepika, ambalo limekuwa likichapishwa tangu 1887, na kalamu haikumtoka mkononi tena. Yafaa ieleweke kwamba Wakatoliki wa Kanisa lake walikuwa wakisali Misa kwa Kisiria, lugha ambayo muumini wa kawaida hakuielewa. Mwaka 1962 ibada hiyo ilianza kusomwa kwa Kimalayalam, lugha ya nyumbani na sokoni, na Padri Abel alikuwa miongoni mwa waliozitia nyimbo zake katika lugha hiyo. Aliandika pia nyimbo nyingi za dini, na baadhi yake ziliimbwa na K. J. Yesudas, mzaliwa wa Fort Kochi, ambaye sauti yake inajulikana India nzima.

Mwaka 1969, akishirikiana na mwanamuziki K. K. Antony, na kwa baraka za Kardinali Joseph Parecattil, Padri Abel alianzisha chama cha sanaa cha Kikristo mjini Ernakulam. Baadaye chama hicho kilichukua jina la Kalabhavan. Kala ni sanaa, na bhavan ni nyumba. Kwa hiyo ni Nyumba ya Sanaa, jina ambalo mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kufasiriwa. Neno "Kikristo" lilipoondoka, mlango ulipanuka. Waliingia vijana wa Kihindu, wa Kiislamu na wa Kikristo, wakajifunza kuimba, kupiga vyombo na kucheza ngoma. Kundi la muziki la Kalabhavan likawa likialikwa kila mahali, na wasanii waliopita humo wamesimulia mara nyingi jinsi padri alivyokuwa mkali kuhusu saa na mazoezi.

Lakini jambo kubwa lilitoka mahali ambapo hapakutazamiwa. Katika maonyesho yale ya muziki, waimbaji walipokuwa wakipumzika, kijana mmoja alipewa dakika chache aige sauti: treni, mbwa, mwanasiasa, mwigizaji wa sinema. Hicho kilikuwa kijazio tu. Wazee wengi, hata huku kwetu, humwona kijana wa namna hiyo kuwa mpuuzi asiyetaka kazi. Padri Abel aliona kipaji. Mwaka 1981 aliwakusanya vijana sita, akawapa jukwaa zima na onyesho lao wenyewe, pasipo mwimbaji wa kuwasindikiza. Siddique na Lal walikuwamo, na Ansar na Rahman pia. Onyesho hilo, lililoitwa Gwaride la Waigaji, lilienea Kerala yote, likavuka bahari kuwafuata wafanyakazi wa Kimalayalam katika nchi za Ghuba.

Hesabu ya waliotoka humo si haba. Siddique na Lal waliongoza pamoja filamu yao ya kwanza mwaka 1989, nao wakabadili kabisa vichekesho vya sinema za Kimalayalam. Jayaram aliingia katika filamu mwaka 1988, na mwaka 2011 serikali ya India ikamtunuku nishani ya Padma Shri. Wengine walilishika jina la nyumba na kuliweka mbele ya majina yao, kama mtu atumiavyo jina la ukoo: Kalabhavan Abi, Kalabhavan Shajohn, Kalabhavan Mani.

Huyu Mani ndiye ninayetaka tumtazame kwa kituo. Alizaliwa mwaka 1971 katika mji wa Chalakudy, katika familia ya Wadalit, watu ambao mfumo wa matabaka uliwatupa chini kabisa. Baba yake alikuwa kibarua. Mani mwenyewe alikuwa mkwezi wa minazi, akachimba mchanga, akaendesha bajaji. Mizaha ya waigaji wa Kerala, lazima tuseme, haikuwa ya haki siku zote. Weusi wa ngozi na umaskini vilifanywa kichekesho mara nyingi mno, na wakosoaji wa huko wamelisema hilo wazi. Mani alikuwa na vyote viwili. Hata hivyo, kupitia jukwaa la Kalabhavan alipanda hadi kwenye sinema, na kwa filamu ya mwaka 1999, alimoigiza mwimbaji kipofu, alitajwa kwa heshima katika tuzo za taifa. Utajiri haukumfanya aziache nyimbo za vibarua wa mashambani. Alizirekodi, na zikauzwa hata kwa watu ambao zamani wasingekubali kusikika wakiziimba.

Padri Abel alifariki mwezi wa Oktoba 2001, na nyumba yake imeendelea kufundisha watoto. Mani alifariki Machi 2016, akiwa na umri wa miaka 45. Chalakudy iko katika njia ya reli itokayo Ernakulam kwenda Thrissur. Siku ya mazishi mji huo ulijaa maelfu ya watu, nao walimzika mwana wa kibarua kwa jina alilopewa na nyumba ya padri.