Sisi tulipokelewa, mama huyu nani atampokea?

Wengi mnajua tuko Mbale tangu mwezi wa tatu, sisi wanne wa Nakivale, tunajitolea kusaidia watu wanaotoka jela. Unamsubiri mtu getini, unampa sabuni na nauli, unamsindikiza paki ya taksi. Kwa wanaume mara nyingi inaishia hapo.

Mama huyu alitoka Jumanne asubuhi na kavera moja, ndani nguo mbili. Miaka saba. Mume alikuwa anampiga tangu mtoto wa kwanza, hadi usiku mmoja mama akashika mchi, na mume hakuamka tena. Mahakama ikasema kuua bila kukusudia. Hatuandiki kumsafisha. Mtu alikufa, na mama mwenyewe hasemi vingine.

Tukamuuliza, "Mama, nyumbani ni wapi?" Akanyamaza, kisha akataja kijiji upande wa Wanale. Sisi bila akili tukaita boda. Njiani akamgonga dereva begani, akashuka, akakaa chini kwenye nyasi. Kwa Kiswahili chake cha sokoni akasema, "Wanangu, huko ndiko alikozikwa. Ndugu zake wako." Kumbe tulimuuliza nyumbani, naye akajibu nyumbani. Kosa letu. Tuliona aibu mpaka leo.

Kwa kaka zake nako hawakumtaka. Wanaogopa kudaiwa ng'ombe za mahari. Tukawaeleza kesi ya MIFUMI, lile shirika la Tororo: Agosti 2015 Mahakama ya Juu ilisema kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Kaka mkubwa akacheka. "Hao majaji watalala hapa siku wale wakija na mapanga?" Hatukuwa na jibu.

Basi tukatafuta chumba Namatala. Mwenye nyumba anataka barua ya mwenyekiti wa LC1 wa ulikotoka. Sasa yeye ametoka wapi? Ana karatasi ya jela tu. Wa kwanza alipoiona alisema chumba kimeshachukuliwa. Wa pili hivyo hivyo.

Hapo ndipo tulikumbuka Nyakabande. Tulipovuka Bunagana mwaka 2022 tulipewa uji, blanketi na mahali pa kulala, na hakuna aliyetuuliza barua ya mwenyekiti. Baadaye Nakivale, kiwanja. Tulilalamika sana, eti uji mwepesi! Lakini kulikuwa na mahali katikati ya tulikokimbia na tulikokwenda. Mama huyu hana katikati.

Na wako wengi kama yeye watakaotoka. Tangu hukumu ya kesi ya Susan Kigula na wenzake mwaka 2009, jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyekutwa na hatia ya kuua. Anaweza kusikiliza kwanza mtu aliishi vipi, alipigwa vipi. Wanawake ambao zamani wasingetoka, sasa wanatoka. Nyumba za kuwaficha wanaokimbia kipigo zipo, na ni nzuri, lakini mara nyingi ni za muda mfupi. Huyu anahitaji miezi: mlango wenye kufuli, ukoo usijue uko wapi, mtu wa kumsemea kwa LC, na mtu wa kufuatilia watoto.

Watoto ndio jambo lenyewe. Aliingia jela na anayenyonya. Sheria inaruhusu mtoto kukaa na mama humo mpaka miezi 18, kisha akachukuliwa na upande wa baba. Hajamwona tena.

Kwa sasa analala nyuma ya pazia kwa mjane mmoja anayeuza malewa, anamchotea maji asubuhi na jioni. Mjane amesema mpaka mwisho wa mwezi. Jana mama alituomba kitu kimoja tu: tumjulishe mtoto yuko darasa la ngapi. Jumamosi wawili wetu tutapanda huko. Tutauliza darasa tu, hatutasema nani katutuma.