Sanduku Langu la Bati

Mpenzi msomaji, ukiniuliza leo babangu afanya kazi gani, nitakujibu bila kusita: ni fundi bati. Lakini nilipoingia Kidato cha Kwanza sikuwa na ujasiri huo. Tulipewa karatasi tujaze habari zetu, na pale palipoandikwa "kazi ya mzazi" mimi nikaandika "biashara". Si uongo, lakini pia si kweli. Aibu ilikuwa imenikaba koo. Hebu kaa kitako nikusimulie ilikotoka aibu hiyo, na jinsi ilivyonitoka.

Sisi twakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Kibanda cha baba hakiko mbali na Marikiti. Ndani mna mkasi wa bati, nyundo ya chuma na ya mbao, risasi ya kulehemu, na kipande cha reli kuukuu ambacho ndicho fuawe yake. Baba hutengeneza majiko, karai na vikopo vya kupimia nafaka, lakini kazi inayotulisha hasa ni masanduku ya shule. Januari ikikaribia, masanduku hupangwa nje mpaka njia ikawa nyembamba. Wazazi huja na watoto wao, wakachagua rangi, na baba akaandika jina la mtoto juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kwangu mimi methali hii iligeuka kidogo. Sanduku nilikuwa nalo. Shule ya kwendea nalo ndiyo iliyokosekana.

Mwaka 2023 nilikuwa katika kundi la mwisho kabisa lililofanya mtihani wa KCPE. Nilipita vizuri nikaitwa shule ya bweni nje ya kaunti yetu. Baba alifurahi mno. Kabla hata barua ya karo haijasomwa vizuri, alikuwa amekwisha nitengenezea sanduku, buluu kama bahari, na jina langu juu. Kisha barua ikasomwa. Zaidi ya shilingi 40,000 kwa mwaka, bila kuhesabu godoro, sare na nauli. Mwaka huo mama alikuwa mgonjwa na akiba yote ilikuwa imekwishia hospitalini. Januari 2024 nikaingia shule ya kutwa. Sanduku likaingia mvunguni mwa kitanda.

Sikumlaumu baba kwa mdomo. Nilimlaumu kwa kimya. Zamani mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana siku za Jumamosi; nikaacha, nikamwachia mdogo wangu. Nikipita na marafiki zangu, nilizunguka njia nyingine nisikione kibanda. Siku moja katika somo la kemia mwalimu aliuliza kwa nini bati lililopakwa zinki halishiki kutu upesi hata likikwaruzwa. Darasa zima kimya. Mimi jawabu nilikuwa nalo tangu utotoni: zinki huliwa kwanza, ikakikinga chuma. Baba alinionyesha nikiwa na miaka minane. Sikuinua mkono, kwa kuchelea kuulizwa, "Umejuaje?"

Sasa njoo Januari ya mwaka huu wa 2026. Watoto wa kwanza wa Gredi ya 10 walikuwa wakienda kuripoti shule za sekondari ya juu, na masanduku yalikwisha kama maandazi ya asubuhi. Jioni moja, kiza kimeshaingia, mama mmoja alifika kibandani na mwanawe. Mtoto alikuwa asafiri alfajiri. Nilikuwepo kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa, ikabidi nimpelekee baba chai mimi mwenyewe.

"Yamekwisha, dada yangu," baba akasema. "Lakini ngoja. Nina bati mbili hapa."

Akapima, akakata, akaliweka bati la kwanza juu ya reli na kuanza kulikunja pembe. Kacha! Likapasuka kwenye mkunjo kama kaimati iliyolala. Baba akashusha pumzi. Bati hilo alilinunua kwa bei nafuu, katika harakaharaka za Januari.

"Hili kavu," akasema. "Nililijua tangu dukani, lakini bei ilinivuta."

Yule mama alinyamaza, lakini nilimwona akifuta macho kwa ncha ya leso. Mtoto wake alikuwa akitazama chini. Nilimjua yule mtoto ana nini moyoni, maana nami niliwahi kuwa na hilohilo. Maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Baba, wape lile langu. Futa jina tu."

Baba hakunitazama. Alisema polepole, "Lile si la kuuza, mama." Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake. "Lile utakwenda nalo chuo. Shika hapa."

Nikashika. Bati la pili lilikuwa laini. Lilikunjika bila kelele, pembe baada ya pembe. Baba alipiga nyundo, mimi nikashikilia. Bawaba zikatiwa, rangi ikapakwa usiku huohuo ingawa haikukauka vizuri. Saa tano na nusu yule mtoto aliondoka amekumbatia sanduku lake kwa gazeti, asijipake. Tulipokuwa tukifunga kibanda nikamuuliza baba: bati mbili, rangi moja, unene mmoja; kwa nini moja lapasuka na jingine latii?

"Mkono ndo unaoniambia," akajibu. "Kavu ukilipinda lakusukuma, lataka kurudi lilikotoka. Lakini sababu yake hasa siijui. Wewe ndiwe msomi, nitafutie."

Basi nikatafuta. Nilianza kwa ami yangu, ambaye ni dereva wa trela, kisha nikenda maktaba. Ami hubeba koili kutoka bandari ya Kilindini. Koili ni bati refu lililoviringishwa kama mkeka, na moja tu yaweza kuzidi tani 10. Hufungwa kwa minyororo, kwani likijiviringisha njiani, Mungu atuepushe. Huvuka Makupa, akapita Changamwe na Mazeras, mpaka Mariakani kwenye kiwanda cha Mabati Rolling Mills.

Vitabu vikaniambia yaliyobaki. Mwanzo chuma hupashwa moto kupita nyuzijoto 1,000, kikabanwa kati ya rola nzito mpaka kikawa ukanda wa unene wa milimita mbili hivi au zaidi. Ukanda huo huwa na magamba, kwa hivyo huoshwa kwa tindikali. Kisha hubanwa tena na rola nyingine, safari hii ukiwa baridi, bila kupashwa moto, mpaka unene wake usifike hata nusu milimita. Kubanwa huko baridi ndiko kunakolipa bati uso laini na unene ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho.

Lakini kuna jambo. Chuma kikibanwa baridi huzidi kuwa kigumu. Kikiachwa vivyo hivyo chafaa mapaa, maana paa lataka bati lisilolegea. Ukilikunja kwa pembe kali ndipo lipasukapo. Kwa kazi ya kukunja, sharti chuma kirudishwe tanurini, kipashwe moto wa nyuzijoto 700 hivi na kiachwe kipoe taratibu. Hapo hulainika, kikakubali kukunjwa bila kuvunjika. Zinki hupakwa baada ya kubanwa kote, na rangi mwisho.

Tazama darasani kwenu, mpenzi msomaji. Miguu ya dawati ni bati lililokunjwa likawa bomba. Kabati la mwalimu ni hilohilo. Friji nyumbani, bodi ya matatu, pipa la mafuta, mkebe wa nyanya, hata vile vipande vyembamba ndani ya transfoma ya stima, vyote vimepita kwenye rola baridi. Na kila kimoja chataka ugumu wake. Fundi asiyejua tofauti hiyo hula hasara.

Nilimweleza baba yote haya Jumamosi moja, nimempelekea chakula mwenyewe. Alisikiza hadi mwisho bila kugusa sahani. Kisha akacheka.

"Kumbe! Miaka ishirini mkono wajua, kichwa hakina habari."

Siku hizi hanunui bati la sanduku kabla ya kukunja ncha yake na kuipiga nyundo ikalala. Ikipasuka, hulirudisha, hata liwe rahisi vipi.

Nami nimejifunza langu. Miaka miwili nilikuwa bati kavu. Maisha yalinibana nikawa mgumu, nikadhani ugumu ule ni heshima, kumbe mtu akinigusa kidogo tu napasuka. Aliyebanwa zaidi yangu ni baba, na yeye hakupasuka.

Sanduku langu bado liko mvunguni, lakini si tupu tena. Mna vitabu vyangu vya Kidato cha Tatu, na Inshallah mwakani nitafanya KCSE. Muhula huu tulijazishwa karatasi nyingine. Pale penye "kazi ya mzazi" nimeandika kwa herufi kubwa: FUNDI BATI.