Kumfuata Sungura Pori Babati

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta bado niko Tanga, nikaisoma tena ndani ya basi la kuja Babati tulipokuwa tunapita Minjingu. Uliuliza swali moja tu: mtu ambaye hajawahi kuwinda aanzie wapi akitaka sungura pori wa kitoweo? Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nimewauliza wanaojua, nimetembea nao, na mchuzi nimeuonja.

Mji wenyewe uko njia panda. Barabara ya Arusha kwenda Dodoma inapita katikati, nyingine inashika Katesh na Singida. Upande mmoja umesimama Mlima Kwaraa, upande mwingine kuna Ziwa Babati na viboko wake. Tangu 2002 hapa ndipo makao makuu ya Mkoa wa Manyara, majengo yanaongezeka, lakini ukitembea kidogo tu kutoka stendi unaingia mashambani: mahindi yaliyochanganywa na mbaazi, alizeti, halafu vichaka na nyasi za malisho. Pale shamba linapokutana na kichaka ndipo sungura anapoishi.

Mwenyeji wangu ni mzee wa Kigorowa aliyekulia hapahapa. Nilipomweleza haja yako, hakunionyesha silaha yoyote. Aliniuliza, "Huyo mdogo wako anamjua sungura?" Nikamjibu kwamba nyumbani tumewafuga. Akatikisa kichwa.

Kumbe hawa si wanyama wa aina moja. Sungura wa bandani asili yake ni Ulaya. Huyo huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa vipofu, hawana manyoya. Huyu wa porini hachimbi. Hukwangua udongo kidogo chini ya kichaka au katikati ya nyasi, akajilaza hapo mchana kutwa, na watoto wake huzaliwa wamefumbua macho, wana manyoya tayari. Kwa mwindaji anayeanza, tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukiliona shimo porini usipoteze nguvu zako kulichimba ukidhani umempata sungura. Mle mna kamendegere, au nungunungu, au ngiri, au nyoka, na mkono wako hauna kazi humo.

Tulitoka alfajiri, mikono mitupu, mzee ana fimbo tu. Hatukushuka ziwani, maana viboko hutoka usiku kula majani na saa hizo ndipo wanaporudi majini. Mtu anayesimama kati ya kiboko na maji anaitafuta hatari. Tulishika upande wa mashamba ya mbaazi. Hapo nilijifunza mambo ambayo ningependa uyasome polepole.

La kwanza ni kinyesi. Cha mbuzi ni kirefu kidogo, cheusi, laini juu. Cha sungura ni cha mviringo, rangi ya majani makavu, na ukikivunja unaona nyuzinyuzi za nyasi. Kikiwa bado na unyevu, alikuwa hapo usiku uleule. La pili ni mmea ulioliwa. Mbuzi hung'oa na kuchana, ncha inabaki na nyuzi zinazoning'inia. Sungura hukata mshazari, safi, kama kwa kisu. La tatu ndilo lililonifurahisha zaidi: nyayo. Akikimbia, miguu ya mbele hutua kwanza, mmoja nyuma ya mwingine, kisha ile mikubwa ya nyuma huipita na kutua mbele yake. Kwa hiyo alama kubwa unazoziona mbele ni za miguu ya nyuma! Mgeni huzisoma kinyume, akafuata njia aliyotokea mnyama badala ya aliyokwendea. Mzee aliniacha nizisome mwenyewe kwenye vumbi mpaka nikazielewa.

Na sungura mwenyewe? Tulimpita karibu kabisa. Tabia yake ni kutulia tuli, masikio ameyalaza mgongoni, akitegemea rangi ya manyoya yake imfiche. Ukitembea moja kwa moja bila kusita, anakuacha upite. Ukisimama, anahisi ameonekana, anachomoka. Ndiyo maana mzee alikuwa anapiga hatua chache, anasimama, anapiga tena. Aliposimama kwa muda kidogo karibu na kisiki, sungura akatoka, akaenda akipinda kushoto na kulia, akaelekea kilimani. Karibu kila mara hukimbilia mlimani, kwa sababu miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, na kupanda kwake ni rahisi kuliko kwa anayemfukuza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Sungura ni mdogo, lakini mbele ya sheria ni mnyamapori kama tembo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wao. Ukikutwa na nyama au ngozi bila kibali, umekutwa na nyara za serikali. Kibali hutolewa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na kwa kuanzia nenda kamwone afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye wazee wa huku bado wanamwita bwana nyama. Muulize msimu umefunguliwa lini, eneo lipi linaruhusiwa na idadi gani. Bunduki nayo ina leseni yake tofauti. Na huku kuwa makini zaidi, maana ukitoka Babati kurudi Magugu unakaribia ardhi ya hifadhi ya jamii ya Burunge, na ng'ambo yake ni Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Mpaka haujaandikwa kwenye nyasi.

Mzee alipokuwa kijana waliwinda kwa mbwa na rungu, kundi la vijana likizunguka kichaka. Alinisimulia kwa furaha, na sikuona sababu ya kumhukumu. Leo mbwa, taa za usiku, nyavu, mitego na sumu vyote vimezuiwa pasipo kibali maalumu. Kwa upande wa tanzi la waya mimi naunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Waya hauchagui. Unamnasa digidigi mwenye mimba, unamnasa ndama wa mtu, na anayenaswa hafi upesi. Kama kitoweo kinapatikana kwa njia hiyo tu, mdogo wangu, nunua kuku.

Njia iliyobaki kwa mwananchi ni bunduki ya marisau na ukaribu. Jirani wa mzee ana leseni na kibali, na tulifuatana naye jioni. Hafyatui sungura akiwa mbali, kwani marisau yakitawanyika humjeruhi tu. Hulenga kichwani, nyama ibaki nzima. Na hafyatui kamwe kuelekea kichaka asichokiona ng'ambo yake, kwa sababu watoto wa Kibarbaig huwa wanarudisha ng'ombe saa hizo.

Akipatikana, usikawie. Joto huharibu nyama haraka. Ila kwanza subiri kidogo tu viroboto na kupe wahame mwili ukipoa, na vaa glavu ukiwa na kidonda mkononi. Mbulu, wilaya jirani, imewahi kupata milipuko ya tauni, na viroboto wa wanyama wadogo ndio wanaoibeba. Pasua tumbo juujuu usitoboe utumbo wala nyongo. Angalia ini: likiwa na madoa meupe, au mnyama alikuwa amekonda na hakimbii, fukia. Na yule uliyemkuta amekufa usimguse.

Nyama yake ni nyekundu iliyokolea, haina mafuta, si nyeupe kama ya yule wa bandani. Ukiikaanga inakuwa ngumu. Mke wa mzee aliiloweka kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akaichemsha taratibu kwenye mkaa mpaka ikaanza kuachia mfupa, ndipo akaiunga kwa mafuta ya alizeti, nyanya na vitunguu. Tuliila kwa ugali. Ina ladha ya pori, nzito, na supu yake ni bora kuliko nyama yenyewe.

Ukialika watu, uliza kwanza. Majirani Warangi, Waislamu, waliila kwa kuwa mwenye bunduki alisoma Bismillahi kabla ya kufyatua, na akamkuta angali hai akamchinja. Waislamu wa madhehebu ya Shia hawamli kabisa. Wasabato nao walishukuru wakala mboga, kwa ajili ya Mambo ya Walawi sura ya 11.

Nitakuwepo hapa mpaka mbaazi zivunwe. Njoo na viatu vya kufunga kamba na suruali nene, miiba ya huku haina huruma. Bunduki usiazime kwa mtu yeyote. Tutatembea kwanza na mzee, naye amesema anakusubiri.

Wako,
Kaka