Glasi ya Alsace na Zabibu za Mama

Jioni moja ya Oktoba, baada ya siku mbili za kongamano mjini Strasbourg, mwenyeji wetu alitupeleka kwenye mkahawa mdogo na kuagiza chupa ya Crémant d'Alsace, mvinyo wenye mapovu wa jimbo lile. Wasomaji wangu wasiokunywa wanivumilie. Mimi si mjuzi wa vileo, ingawa nimelelewa katikati ya mizabibu: mama yangu alilima ekari moja ya zabibu Hombolo, Dodoma, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo.

Kizibo kilitoka kwa mguno mdogo, si kwa ule mlipuko wa harusini. Mapovu yalikuwa membamba, yakipanda kama uzi. Nilisikia harufu ya tufaha bichi, na nyuma yake harufu ya mkate uliotoka tanuruni. Mwenyeji alieleza kwamba mkate huo ni kazi ya hamira: mvinyo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa ileile, kisha hulazwa juu ya mashapo ya hamira kwa miezi isiyopungua 9. Zabibu zenyewe sharti zichumwe kwa mkono.

Funda la kwanza lilinikunja uso. Kisha ikaletwa tarte flambée, mkate mwembamba kama chapati, uliopakwa jibini laini na malai, ukatandazwa vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe, ukapitishwa kwenye moto mkali. Baada ya tonge moja, mvinyo uleule ukageuka. Uchachu wake ulikata mafuta, mapovu yakasafisha ulimi, nami nikatamani tonge jingine. Nikajiona hodari, nikaagiza kipande cha kouglof, keki yao ya zabibu kavu, kufuatishia glasi ya pili. Utamu wa keki uliufanya mvinyo uwe kama maji ya ndimu. Mwenyeji alitabasamu kwa adabu.

Ufundi huu asili yake ni Champagne. Julien Dopff, mtengeneza mvinyo wa Riquewihr, aliuona kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, akaenda kujifunza, akarudi nao Alsace, wakati huo ikiwa chini ya Ujerumani. Ilipofika 1976 ndipo Crémant d'Alsace ilipopata jina linalolindwa na sheria. Jina hulindwa kwa sababu jina ni fedha. Mwaka 1911 wakulima wa Champagne walifanya ghasia na kuchoma maghala ya wafanyabiashara mjini Aÿ, kwa kuwa baadhi yao walileta zabibu rahisi kutoka kwingine na kuuza mvinyo kwa jina lilelile. Na huko Ribeauvillé, karibu na Colmar, wakulima walikuwa wamekwisha kuunda ushirika wao tangu 1895.

Nilikuwa nikisikiliza hayo huku nikiwaza Hombolo. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo Alsace haina. Lakini zabibu iliyoiva haingoji. Mnunuzi alikuja na mizani yake, akatamka bei akiwa amesimama ukingoni mwa shamba, naye Mama akaitikia, maana baada ya siku chache kungekuwa na nyuki na harufu ya siki tu. Msimu mmoja mnunuzi hakurudi na salio. Chupa zilizotokana na zabibu zile sikuziona hata siku moja, wala sijui zilibandikwa jina gani. Mama aling'oa mizabibu nikiwa chuoni, akapanda mtama.

Usiku ule nilimpigia simu. Alikuwa bado macho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini huko?"

Nikamweleza yote: mapovu, harufu ya mkate, vitunguu, kosa langu la keki. Alicheka sana kuhusu keki. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na hao wenye mashamba, kilo moja wanalipwa ngapi?"

Nilikuwa nimekaa saa tatu mezani na mtu aliyejua kila kitu kuhusu mvinyo ule, na swali hilo sikuwa nimemuuliza.

"Kesho nitauliza, Mama."

"Uliza," akasema. "Uliza na nani anapanga."